Dakika Tatu za Kaka

Kwa miaka ishirini na miwili mkalimani huyu amekula mkate wake kwa kusema "mimi" ambayo si yeye. Ndiyo sheria ya kazi. Mtaalamu akisimama akasema amewafuatilia popo miaka tisa, mkalimani hasemi "anasema amewafuatilia popo." Anasema, "Nimewafuatilia popo miaka tisa," kwa sauti yake mwenyewe, tena kwa uhakika wa mtu aliyeng'atwa na hao popo. Kwa njia hiyo ameshakuwa mzee mwenye kobe mia nne, binti anayepima kinyesi cha faru, na waziri aliyefungua mkutano wa ndege huku akiwaita tai "kuku wakubwa." Siku moja alikuwa mwanamume aliyepata mtoto asubuhi ile, akapokea pongezi za ukumbi mzima na kushukuru kwa niaba ya mkewe.

Nyumbani kwao walimwita Kasuku tangu hajaota meno ya pili. Mama yake alipenda kumtuma maneno, kwa sababu aliyafikisha upesi. Ila aliyafikisha kwa namna yake. Mama akimwambia, "Kamwambie yule jirani, asiponirudishia ungo wangu leo nitakwenda kumpasulia kichwani," mtoto alikimbia, akasimama mlangoni kwa adabu na kusema, "Mama anakusalimu. Anauliza kama umemaliza shughuli na ungo." Ungo ulirudi, na juu yake maboga mawili. Mama alisema mtoto huyu ana baraka. Hakuna aliyemwambia kwamba ule ulikuwa uongo, na yeye mwenyewe aliuona kuwa ni malezi mema.

Baadaye akasoma, akashika lugha, akaingia kibandani. Kibanda cha wakalimani ni sanduku la mbao na kioo lililowekwa nyuma ya ukumbi, lenye viti viwili, maikrofoni mbili na joto la watu wawili wasioruhusiwa kukohoa. Kuna kitufe cha kukoholea: ukikibonyeza ukumbi hausikii kitu, ukikiachia umerudi hewani. Mnafanya kazi kwa zamu ya nusu saa, maana zaidi ya hapo ubongo huanza kuchemka. Mwenzake wa miaka yote ni bwana mmoja mnene, mpole, anayemumunya peremende kutwa nzima ili koo lisikauke, na jina la Bwana Peremende limemganda hivyo hivyo. Kibandani mkalimani huja na sweta, chupa ya maji yasiyo baridi, na madaftari. Ana daftari la kasa, daftari la tembo, daftari la wadudu. Neno "ushoroba", yaani ile njia ya wanyama kutoka hifadhi moja hadi nyingine, aliliandika humo zamani, akalipigia mistari miwili, akalipenda.

Sifa yake kubwa ilikuwa kusafisha. Ukimpa mzungumzaji anayegugumia, yeye anatoa mtu mwenye hoja. Ukimpa mwenye hasira, anatoa mwenye mashaka. Mwaka fulani ofisa mmoja alisimama na kuwaambia wageni wakusanye kola zao za redio wanazowavisha simba waende nazo kwao. Mkalimani akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mheshimiwa anashauri ratiba ya kola iangaliwe upya. Wakaenda kula pamoja, wakapigana mabega. Profesa, ambaye ndiye mwenyekiti wa mikutano hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alimwambia siku ile, "Wewe ndiye unayetufanya tuelewane." Mkalimani aliiweka sentensi hiyo moyoni kama watu wanavyoweka vyeti ukutani. Kuelewana! Hawakuelewana hata kidogo, walisafishiwa tu, na kila mmoja akaenda na ujinga wake ukiwa umepigwa pasi.

Sasa, ana kaka. Kaka amemzidi miaka minne, ni mkulima, na ndiye msimamizi wa kisima cha bondeni, kwenye kijiji chao kidogo kilichobanwa kati ya hifadhi mbili. Kama dada alipewa ulimi wa asali, kaka alipewa wa shoka. Hajawahi kusema neno la kuzunguka. Kwenye msiba wa mama yao alimwambia mchungaji aliyechelewa kwamba marehemu alikuwa na haraka kuliko yeye. Dada alitaka ardhi ipasuke immeze, na tangu hapo kwenda nyumbani kukawa kwa nadra. Ilikuwa miaka sita sasa.

Kaka akapiga simu.

"Kasuku, hujambo?"

"Sijambo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Wanataka kupitisha mbwa wao kwetu."

Alikuwa anasema mbwa mwitu. Hifadhi moja ilikuwa na mbwa mwitu waliojaa, nyingine ilikuwa tupu, na katikati palikuwa bonde lenye kaya arobaini na moja. Wataalamu walitaka bonde liwe ushoroba. Serikali ilisema haina neno, inasubiri wanasayansi wa dunia watakapokutana watoe pendekezo lao. Wakishasema, vigingi vitachimbiwa.

"Wamenialika," kaka akasema. "Eti mwakilishi wa jamii. Nimepewa dakika tatu. Wanasema nikiwaeleza kwamba hatuhami, wataandika. Lakini nitasema kwa lugha gani, mdogo wangu? Nasikia kutakuwa na mkalimani."

"Mkalimani ni mimi, kaka."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Basi tumepona," akasema. "Nitawaambia wazee tumepona."

Ratiba ilipofika, aliifungua mezani kwake na kutazama ramani iliyoambatanishwa. Bonde lilikuwa limepakwa kijani. Kisima hakikuwepo. Mashamba hayakuwepo. Kaburi la mama yao, ambalo liko hatua thelathini kutoka kisimani, lilikuwa chini ya mshale mwekundu unaoonyesha njia ya mbwa. Alijua kanuni: jambo likigusa damu yako, mwachie mwenzako zamu. Bwana Peremende angeichukua bila kuuliza. Lakini kiburi kikamshika. Nani atambebea kaka yake maneno kuliko yeye? Peremende ni fundi mzuri, lakini Peremende hutoa neno kama lilivyoingia, na neno la kaka likitoka kama lilivyoingia litavunja vioo. Akaamua atakaa mwenyewe.

Siku ya tatu ya mkutano, ukumbi ulijaa. Aliyezungumza kwanza alikuwa daktari wa mbwa mwitu, mwanamke kijana mwenye sauti nyororo na viatu vya safari ndani ya hoteli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Alionyesha picha ya mbwa jike aliyegongwa na gari akiwa na mimba, machozi yakamlengalenga kweli, na ukumbi ukashusha pumzi pamoja naye. Halafu akaendelea kwa Kiingereza, na mkalimani akafuata kwa Kiswahili, nyuma yake kwa pumzi moja tu, kama ilivyo desturi:

"Nimezungumza na kaya za bondeni. Wengi wako tayari kuhama kwa hiari."

Kaka alikuwa safu ya tatu, amevaa koti la kuazima lililombana makwapani, kifaa cha kusikilizia kikiwa sikioni. Akageuza shingo. Hakumtazama daktari. Alitazama nyuma, juu, kwenye kioo cha kibanda, kutafuta sauti ya dada yake iliyomwambia sikioni kwamba watu wa bondeni wamekubali kuhama. Mkalimani akabonyeza kitufe cha kukoholea na kunywa maji. Bwana Peremende akamgusa kiwiko na kunong'ona, "Niachie." Akakataa kwa kichwa, akarudi hewani.

Zamu ya kaka ikafika. Alitembea hadi mbele taratibu, akaishika maikrofoni kama mpini wa jembe, na hakushukuru mtu.

"Sikuja kuomba," akasema. "Nimekuja kuwaambia. Hatutoki. Huyu daktari alikuja kwetu mara moja, akakaa saa moja, akatuuliza kama tungependa watoto wasome karibu na barabara. Tukasema ndiyo. Leo ndiyo ile ameigeuza ndiyo ya kuhama. Huo ni uongo, na aliyeusema ni mwongo, hata akilia. Mbwa mwitu tumeishi nao tangu enzi za babu, hatujaua hata mmoja. Wanaowaua ni magari yenu kwenye barabara yenu. Mkileta vigingi tutaving'oa. Na mkiandika kwamba tulikubali, mjue mmeiba."

Mkalimani alianza vizuri. Kaka aliposema hakuja kuomba, yeye alikuwa tayari na sentensi. Lakini "hatutoki" ilikuja mapema mno, kavu, haina shuka wala mto, naye akaiweka kando akisema moyoni nitaitafutia mahali pazuri mbele kidogo. Kisha likaja lile neno mwongo. Akaona nyusi za Profesa zikipanda. Akaona daktari akishika shingo yake. Akawaza: wakilisikia hili watafunga masikio. Watasema huyu ni mshamba mwenye hasira, watamsahau kabla ya chai. Nikilisafisha watamsikiliza. Alimpenda kaka yake kuliko wakati mwingine wowote, na alimwonea aibu kuliko wakati mwingine wowote, na hayo mawili yakaingia pamoja kwenye maikrofoni.

Basi ukumbi ulisikia, kwa Kiingereza safi chenye joto la kibinadamu, maneno haya: "Sikuja hapa na maombi, nimekuja kuzungumza nanyi. Daktari alitutembelea, tukajadili elimu ya watoto wetu. Pengine hatukuelewana vizuri siku ile, na machozi yake tumeyaona. Tumeishi na mbwa mwitu kwa vizazi, na uhai wao tunaujali kama ninyi. Tatizo kubwa ni barabara. Tungependa kushirikishwa kikamilifu katika kila hatua itakayofuata."

Alikuwa bado anaitafutia "hatutoki" kiti cha kukalia, kengele ya dakika tatu ikalia. Ya vigingi nayo aliiacha. Katika yote aliyosema kaka, neno moja tu ndilo lililompandisha basi la siku nzima, na neno hilo lilibaki kibandani pamoja na maganda ya peremende.

Ukumbi ukapiga makofi. Watu walisimama. Kaka alishtuka, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayetarajia kupigwa, kisha akaelewa kwamba anashangiliwa, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Alikuwa na miaka hamsini na sita na hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili yake.

Wakati wa chai alimkuta dada yake kando ya mlango na kumkumbatia mbele za watu, jambo ambalo si lake.

"Umeona? Niliwapasha, wakapiga makofi! Mimi nilidhani watanitoa kwa walinzi. Kumbe hawa watu wanataka tu kuambiwa ukweli."

Daktari wa mbwa mwitu akaja, macho mekundu bado, akaushika mkono wa kaka kwa mikono yake miwili na kusema kwa Kiingereza kwamba anamshukuru kwa moyo wake mkubwa.

"Anasema nini?" kaka akauliza.

"Anasema amekusikia."

Kaka akamtazama yule kijana, akalainika kidogo. "Mwambie kumwita mwongo sikufurahia. Ana umri wa binti yangu. Lakini ndivyo ilivyo, na akirekebisha, milango yetu iko wazi."

Mkalimani akageuka kwa daktari. "Anasema asante," akasema, "na milango yao iko wazi."

Daktari alifuta machozi. Kaka akadhani ni majuto, akaridhika, na jioni hiyo akapanda basi kurudi bondeni na habari njema.

Walipokuwa wanakusanya madaftari, Bwana Peremende alisema bila kumtazama, "Dada, ile 'hatutoki' sikuisikia."

"Muda uliisha."

"Aliisema kwanza kabisa."

"Kwa hiyo unanifundisha kazi?"

"Hapana, dada. Nimesema sikuisikia." Akafunga mkoba wake akaenda zake.

Siku ya mwisho waraka wa mapendekezo uliletwa kibandani ili ufasiriwe kwa Kiswahili, nakala ipelekwe kwa wanakijiji. Aya ya saba ilisema kwamba mkutano umepokea kwa furaha kauli ya mwakilishi wa wakazi wa bondeni, aliyeeleza utayari wa jamii yake kushirikishwa katika hatua zote za kufungua ushoroba. Aliisoma mara tatu. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamevaa tai.

Akamwendea Profesa, aliyekuwa anaagana na watu. Njiani alijiambia atasema wazi: kaka yangu alisema hatutoki, mimi sikusema. Sentensi fupi, hata mtoto anaiweza. Lakini ulimi wa miaka hamsini haubadiliki kati ya ngazi na lifti.

"Profesa, kuhusu aya ya saba," akasema. "Huenda mzungumzaji alikusudia msisitizo tofauti kidogo."

"Msisitizo?" Profesa akamshika bega. "Wewe una unyenyekevu uliopita kiasi. Tuliisikiliza kanda mara mbili, kila neno liko wazi. Ni kauli nzuri kuliko zote za mkutano huu."

Kanda waliyoisikiliza ilikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa sauti yake. Hapo ndipo pangetosha kusema, na alifungua mdomo, na aliona mbele yake mikutano yote ijayo, kasa, tai, popo, na watu wakiulizana kama huyu si yule aliyewahi kutia maneno yake. Hofu ikamshinda. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini yeye hakujikwaa, alitembea wima kabisa.

"Asante, Profesa," akasema.

Akarudi akaifasiri aya ya saba. Aliifasiri vizuri, na kila nukta ilikuwa mahali pake.

Wiki tatu baadaye kaka alipiga simu. Ilikuwa mchana, mkalimani akiwa ukumbini kwenye mkutano wa kasa, zamu ya Peremende hewani. Alitoka akasimama karibu na meza ya vikombe.

"Karatasi imesomwa," kaka akasema bila salamu. "Imesomwa mbele ya watu wote. Inasema mimi nilikubali."

Mkalimani akageukia ukuta.

"Wananiambia nililala kwenye kitanda cha hoteli nikauza bonde. Kisimani watu wakiniona wanabeba ndoo zao wanaondoka. Wifi yako anaogopa kwenda sokoni. Nimewaambia, mdogo wangu alikuwepo, yeye ndiye aliyefasiri, ana kila neno langu. Njoo Jumamosi kwenye mkutano wa kijiji. Uwaambie tu nilichosema. Watakuamini, wewe ndiye msomi wetu."

"Kaka, Jumamosi nina..." Akaishia hapo.

Jogoo aliwika upande wa pili wa simu. Kaka si mtu wa elimu, lakini hakuwahi kuwa mjinga.

"Basi niambie mimi," akasema. "Wale watu uliwaambia nini?"

Akamwambia. Alifumba macho na kurudisha kila sentensi ya Kiingereza kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, kama kazini, ila safari hii hakuongeza wala kupunguza. Kuzungumza nanyi. Hatukuelewana vizuri. Machozi yake tumeyaona. Tungependa kushirikishwa. Ilichukua chini ya dakika moja. Kaka alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo peke yake lilimtisha.

"Na hatutoki?"

"Sikuisema."

"Ulisahau?"

Angeweza kusema ndiyo. Kusahau kunasameheka. "Hapana, kaka. Niliona itawaudhi. Nilitaka wakupende."

Kaka alivuta pumzi.

"Kumbe yale makofi yalikuwa yako," akasema.

Mkalimani alianza kulia, akimwita kaka, kaka, kama alipokuwa mdogo. Wahudumu wa chai waligeuka kumtazama. Kaka alimngoja amalize, kwa subira ya mtu anayengoja lori lipite, kisha akasema kwa ile sauti yake isiyozunguka:

"Vigingi vimeletwa jana. Kaburi la mama tunalihamisha Jumanne. Usije."